Sakafu Chini ya Zulia la Bujumbura

Uzi wa shaba, mwembamba kama unene wa ukucha, unapita katikati ya sebule kutoka mlango wa baraza hadi mlango wa jiko. Mapendo Antoni amepiga magoti, anaufuata kwa kitambaa alichojiviringishia kidoleni. Hana haraka. Kila akifika mahali uzi ulipopinda anasimama, anapuliza vumbi, kisha anaendelea.

Ni Ijumaa, mtaa wa Bangwe mjini Kigoma, kwenye mteremko unaotazama Ziwa Tanganyika. Viti vyote vimetolewa nje. Zulia kuukuu la plastiki limeviringwa na kuegemezwa ukutani.

"Huu uzi ndio nilianza kuuona," anasema bila kuinua kichwa. "Nilidhani mtu kaangusha cheni."

Ukimzoea utajua kwamba kwa Mapendo hayo tayari ni maneno mengi. Ana miaka ishirini na mitatu. Anaishi Kibirizi na mama yake, Angelina, na kazi yake ni usafi wa nyumba za watu, kwa siku. Hulipwa shilingi elfu nane, au elfu kumi nyumba ikiwa kubwa na mwenye nyumba akiwa na moyo. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua na dagaa wakakosa wa kuwaanika. Wanawake wa Bangwe wamempa jina la Kimya, naye hulipokea bila kinyongo.

Nyumba anayoisafisha leo ilijengwa mwaka 1956. Aliyeijenga alikuwa mfanyabiashara wa mawese na samaki wakavu, na inaonekana mawese yalimpendelea. Miaka ya sabini alihama mji, akamuuzia Mzee Anatoli, fundi mitambo wa meli, ambaye wakati huo alikuwa kijana aliyeoa juzi. Tangu siku hiyo hakuna aliyebomoa wala kubadilisha kitu. Mzee Anatoli alikuwa akisema kitu kinachofanya kazi hakiulizwi umri.

Ndiyo maana mtu akiingia leo hujikuta anazungumza kwa sauti ya chini. Madirisha ni ya vyuma vyembamba, na vishikio vyake vya shaba vimepinda kama shingo ya korongo, laini kwa kushikwa. Swichi za taa ni nyeusi, za duara, na ukiibonyeza moja inatoa mlio mzito, kama mtu anayefunga kufuli kwa heshima. Kona ya baraza haina ncha, imezungushwa kama bega.

Kati ya jiko na chumba cha kulia kuna kabati la mninga lililojengwa ndani ya ukuta. Milango yake inafunguka pande zote mbili. Mpishi anaweka sahani upande wake, mlaji anaichukua upande wa pili, na samaki anafika mezani bado anafuka moshi. Mapendo anapolifuta kabati hili hufungua kila mlango na kuufunga polepole, asikilize. Hakuna hata mmoja unaolia.

"Miaka yote hiyo," anasema. "Kwetu mlango wa juzi tayari unakwama."

Lakini yote hayo si kitu mbele ya sakafu, na sakafu yenyewe nyumba nzima ilikuwa imeisahau.

Mzee Anatoli alifariki mwaka jana, kiangazi. Kama ilivyo ada ya msiba, vyombo vya sebuleni vilitolewa ili wanawake wapate pa kukaa. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, wanawake ndani chini kwenye mikeka, pamoja na mjane, Bibi Catherine. Mapendo aliitwa kuja kusaidia usafi. Dada wa marehemu, Shangazi Recho, aliona zulia la plastiki limelowa na linanuka, akamwamuru aliviringe lote, apige deki.

Chini ya zulia kulikuwa na tabaka la uchafu wa miaka, jeusi, gumu kama ukoko wa sufuria. Hapo ndipo uzi wa shaba ulipomwonyesha mgongo. Mapendo akamwaga maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, akasugua kando ya ule uzi. Kikatokea kitu cha mviringo, cheupe, kikubwa kama sarafu, kimejiviringa kama kamba ya boti iliyopangwa vizuri.

Akadhani ni konokono aliyekanyagwa. Akamsugua ili atoke. Hakutoka. Akasugua tena kwa nguvu, na pembeni akatokea wa pili, mdogo zaidi, kisha wa tatu. Kadiri alivyojaribu kuwaondoa ndivyo walivyozidi kuja. Ilimchukua muda kuelewa kwamba hawakuwa juu ya sakafu. Walikuwa ndani yake.

Ni sakafu ya terazo, ile ambayo vipande vya mawe huchanganywa na saruji, vikaachwa vikauke, kisha vikasuguliwa hadi vikang'aa. Ila fundi wa nyumba hii hakutumia mawe peke yake. Alikwenda ufukweni, akaokota magamba ya konokono wa ziwani, makubwa na madogo, yale yanayosukumwa na mawimbi hadi kwenye mchanga. Akayamwaga ndani ya saruji ya kijani. Jiwe la kusugulia liliyakata kila moja katikati, na ndani ya kila moja ukabaki mzunguko wake, mweupe, unaokwenda ndani zaidi na zaidi hadi macho yanapochoka kuufuata.

Hakuna mizunguko miwili inayofanana. Kuna minene, kuna mirefu iliyochongoka, kuna mingine midogo kama mbegu ya ufuta. Nyuzi za shaba zimepita katikati yao kwa mikunjo mipana, kama alama ambazo maji huacha mchangani yanaporudi.

"Nilikaa," anasema Mapendo. "Ndoo pembeni, mimi nimekaa tu. Nikawa najiuliza, huyu mtu aliwaza nini? Konokono tunawakanyaga kila siku Kibirizi. Mimi mwenyewe nimewakanyaga tangu utoto. Sikujua ndani wako hivi."

Hakumwita mtu. Alisugua mpaka alipoambiwa mikeka inasubiri, na mikeka ikatandikwa juu.

Siri ya msiba haidumu mahali wanawake wanapolala chini pamoja. Usiku wa kwanza mama mmoja alisogeza mkeka ili anyooshe mguu, akaona. Wa pili akainua ncha ya mkeka wake. Shangazi Recho anakumbuka kwamba baada ya sala palikuwa na minong'ono kila kona, na kila mmoja akidai konokono wa chini yake ndiye mzuri kuliko wa mwenzake. Hata Bibi Catherine, ambaye hakuwa ameweka kitu kinywani siku mbili, aliinua ncha ya mkeka, akatazama, akasema jambo lililowashangaza wote. Alisema alikuwa amewasahau.

Sababu ya kuwasahau anaieleza mwenyewe, ameketi kwenye kiti cha baraza, fimbo mapajani. Ana miaka sabini na sita na anacheka kwa mabega.

Miaka ya themanini, anasema, sakafu tupu ilikuwa aibu. Mtu aliyefanikiwa alijulikana kwa zulia la plastiki lenye maua, na zulia la maana lilitoka Bujumbura. Mzee Anatoli akiwa safarini na meli alinunua moja, akalibeba begani kutoka bandarini hadi Bangwe, kupanda mlima, asimruhusu mtu amsaidie. Mtaa mzima ulikuja kulitazama. Likatandikwa ukuta hadi ukuta, na watoto wakakatazwa kulikanyaga na viatu.

"Tulifunika dhahabu kwa bati," anasema Bibi Catherine. "Na tulifanya sherehe."

Kwa hiyo matanga yalipokwisha na viti vikarudi ndani, alitaka na zulia lirudi. Lilikuwa limepasuka, maua yamefutika, lakini alitaka. Mapendo alilitandika kama alivyoagizwa. Bibi Catherine akamwambia aje kila Ijumaa, alitandue, asugue kipande, kisha alirudishe kabla ya jioni.

Ndivyo walivyofanya mwaka mzima. Kila Ijumaa Mapendo alipanda kutoka Kibirizi, akatoa viti, akaviringa zulia. Uchafu aliutoa kwa sabuni na subira. Mara moja alijaribu asidi ya chooni, ikatoa povu na kuacha konokono mmoja na kovu, tangu hapo hakuitaka tena. Kung'arisha alitumia nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mise kidogo, yale mafuta ya kokwa za mawese ambayo kila jiko la Kigoma linayo, akayasugulia kwa kipande cha blanketi. Bibi Catherine alikaa mlangoni akitazama. Jioni zulia lilirudi juu ya kazi yote ile.

Mapendo hakuwahi kuuliza kwa nini. Siku moja bibi alimjibu bila kuulizwa.

"Nikilitoa hili zulia, mzee atakuwa ameondoka kweli."

Kesho ni misa ya mwaka mmoja. Mtoto mkubwa wa marehemu, Dismasi, amefika jana kutoka Dodoma. Barazani kuna maboksi ya vigae, yamepangwa hadi kimo cha kiuno, yenye picha ya sebule nyeupe inayometameta kama hospitali mpya.

Dismasi si mtu wa kulaumiwa. Siku zote za msiba alikaa nje na wanaume, akipokea wageni na kupanga usafiri. Alipoingia sebuleni matanga yalikuwa yamekwisha na zulia limerudi. Alichokiona ni mama yake mzee akitembea na fimbo juu ya plastiki iliyochanika. Akarudi Dodoma na moyo mzito, akajinyima, akanunua vigae. Kwake ndiyo heshima ya mwisho kwa baba.

Fundi wa vigae, Leonardi, kijana wa Mwandiga mwenye penseli sikioni, anaeleza kazi itakavyokuwa Jumatatu. Vigae havishiki juu ya sakafu laini. Kwanza ataichokoa sakafu yote kwa nyundo na tindo, shimo kando ya shimo, chumba kizima, ndipo saruji mpya ipate pa kung'ang'ania.

Ndani, kitambaa cha Mapendo kinasimama.

Dismasi anamuuliza mama yake kama ana la kusema. Bibi Catherine anatazama ziwa. Anasema nyumba sasa ni ya watoto, na mtoto aliyejinyima kwa ajili ya mama yake hakatazwi. Leonardi anachomoa futi kamba na kuelekea mlangoni.

Mapendo ameshasimama kizingitini. Magoti yake yana weupe wa nta. Baadaye atasema kwamba shuleni mwalimu akimwita mbele alitamani kukimbia, na kwamba safari hii hakuona pa kukimbilia kwa sababu mlango alikuwa ameuziba yeye mwenyewe.

"Shikamoo, Baba Happiness," anamwambia Dismasi.

"Marahaba, dada. Tupishe tupime mara moja."

Hapishi.

"Naomba kabla hajapima uingie ukae chini."

"Nikae chini wapi?"

"Chini. Wanapokaa wanawake."

Kisha Shangazi Recho, aliyekuwa akichambua mchele wa kesho, anaiweka chini sinia na kucheka hadi ushungi unamtoka.

"Kimya kaongea! Nenda, mwanangu, nenda ukakae. Msiba wa baba yako uliukalia kiti huko nje, leo ukae kama mfiwa."

Dismasi anamtazama mama yake, anamtazama fundi, anavua viatu. Labda ni adabu tu ya kutomwaibisha msichana mbele za watu. Anaingia, anatafuta mahali, anakaa katikati ya sebule, miguu mbele, suruali yake ya safari imekunjamana magotini.

Jua limeshaanza kuteremka upande wa Kongo. Aliyejenga nyumba hii aliyaelekeza madirisha ya vyuma ziwani, na saa kama hii mwanga huingia ukiwa umelala, unatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagwa. Unapomfikia Dismasi, kijani cha saruji kinakolea. Nyuzi za shaba zinawaka moja baada ya nyingine. Na pande zote za mikono yake, mizunguko myeupe inatokea, mamia kwa mamia, kila mmoja umejikunja kuelekea ndani ya nafsi yake.

Dismasi anainama. Anagusa mmoja kwa kidole, anauzungusha ule mzunguko hadi katikati. Anagusa mwingine.

"Hawa ni wa hapa ziwani?"

"Wa ziwani," mama yake anajibu akiwa barazani. "Baba yako alikuwa akikukalisha hapo ukiwa hujatambaa. Ukiwashika hivyo hivyo. Ulilia sana tulipotandika zulia. Tulidhani una homa."

Dismasi anacheka, halafu anaweka kiganja usoni na kukiacha hapo. Shangazi Recho, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa na maneno tele, anarudi kwenye mchele wake.

Leonardi naye amekwisha kupiga magoti. Amelaza shavu karibu na sakafu kama mtu anayesikiliza mlango, anatazama kama kuna mahali imebonyea. Hapati. Anafuata uzi wa shaba kwa penseli, kona hadi kona, akitikisa kichwa.

"Kaka, mimi nyundo yangu hapa haingii," anasema. "Kazi nyingine utanipa, hii hapana. Mwenye mkono huu alikuwa nani?"

Hakuna anayejua. Bibi Catherine alisikia tu kwamba alivuka kutoka ng'ambo, upande wa Kalemie, akafanya sakafu hii moja, akalipwa, akavuka kurudi. Jina lake halikukaa kwa mtu yeyote.

Vigae havitapotea. Kabla giza halijaingia imekubaliwa kwamba vitakwenda jikoni, bafuni na baraza ya nyuma, ambako maji humwagika na saruji imebomoka kweli. Dismasi mwenyewe anabeba boksi la kwanza kuzunguka nyumba, na Leonardi anamfuata akimtania kwamba mtu wa ofisini hana mgongo.

Linabaki zulia. Wote wanamtazama Bibi Catherine, hakuna anayethubutu kumuuliza. Anainuka na fimbo yake, analipapasa lile zulia lililoviringwa, mahali maua yalipokuwa mekundu zamani. Kisha anaagiza likatwe kipande, urefu wa mtu, kitandikwe chumbani kwake. Upande wa kitanda aliokuwa akishukia mzee.

"Lingine lichomwe," anasema. "Limefanya kazi yake."

Jumamosi, baada ya misa, nyumba imejaa. Safari hii wanaume hawakubali kubaki nje. Wanavua viatu barazani, vinapangana hadi kwenye ngazi, wanaingia wakiinama kidogo kama watu wanaoingia majini. Mvuvi mmoja mzee kutoka Kagunga anasimama ukutani, anakataa kukanyaga katikati. Anasema ameishi miaka sabini juu ya ziwa hili, na leo ndiyo amelitazama ndani.

Mapendo yuko jikoni, anapitisha sahani za wali na migebuka, samaki wa ziwa hili, kwenye kabati la mninga. Upande wa pili watu wanazipokea bila kumwona. Ndivyo anavyopenda.

Ameshapata wito wa nyumba mbili za zamani, moja Ujiji na moja karibu na stesheni, ambako wenye nyumba wameanza kuinua mazulia yao wachungulie. Leonardi ana mashine ya kusugulia saruji, amemwambia Mapendo akipata nafasi aje afundishwe kuchanganya na kumwaga terazo. Mapendo amekubali kwa kutikisa kichwa.

Watu wanapopungua, Bibi Catherine anakuja jikoni na fimbo yake. Anamwambia akae. Anasema amefikiri usiku kucha ampe nini, kitenge au mfuko wa mchele au fedha, akaona amuulize mwenyewe. Mwaka mzima kila alipomuuliza anataka nini, jibu limekuwa moja: chochote, bibi.

Mapendo anafuta mikono. Anaanza kusema chochote kama siku zote, neno linafika mdomoni, analirudisha. Kwao Kibirizi sakafu ni ya udongo, kila asubuhi hunyunyiziwa maji ili vumbi litulie. Chini ya kitanda chake kuna ndoo tatu za magamba ya konokono, ameyaokota ufukweni tangu mwaka jana, ameyaosha, ameyachagua kwa ukubwa. Mama yake anadhani ni ya kuwapa kuku.

"Bibi," anasema, na sauti yake ni ndogo lakini haitetemeki. "Mimi napenda vitu vizuri. Sijawahi kumwambia mtu. Naona watasema vya nini kwa mtu wa kupiga deki. Lakini navipenda, na nataka nikae navyo nyumbani kwetu, visiwe vya kusafisha tu kwa watu. Nipe saruji."